Nyuma ya Picha

Mama hakuandika majina.
Nyuma ya kila picha, kwa penseli ileile
aliyoichomeka sikioni kama seremala,
aliandika hali ya hewa na bei za vitu.

"Jumanne. Upepo wa kusini. Mayai yamepanda."
Nageuza: wanaume saba mbele ya kiwanda cha nyama,
wamekunja nyuso kwa jua, aproni zina madoa
ambayo kwa nyeusi na nyeupe yaweza kuwa chochote.
Elbia anasema wa tatu ana masikio ya kwetu.
Rubén anasema masikio hayo
ni ya nusu ya mji wa Paysandú.

Ni Julai, baridi imeng'ata hadi vioo vya dirisha.
Kuni za mkaratusi ni mbichi, zinatutoa machozi
kabla hatujapata sababu.
Tunapokezana kibuyu kimoja, bomba moja la fedha,
majani machungu tunayoyaita mate,
na usicheke, jina limelenga:
unachokinywa ni alichokiacha ndugu yako.

"Mvua saa tisa. Nimeazima kamera ya jirani."
Mbwa mweupe juu ya kiti cha kinyozi.
Hatukuwahi kufuga mbwa. Mama aliwafukuza kwa ufagio.
Lakini huyu kapigwa kwa karibu, kwa upole,
na shingoni kafungwa taulo
kama mtu anayengoja kunyolewa ndevu.
Sote watatu tunamtaka. Tunamgombania kama shamba.

Kidole gumba cha baba kimo katika picha kumi na moja.
Uso wake, katika mbili.
Ukitaka kumjua Wilmar tazama pembe ya juu, kulia:
wingu la nyama, ukungu wa waridi
unaommeza shangazi pamoja na nusu ya kofia.
Katika moja wingu ni jeupe, lina bendeji.
Huo, basi, ni mwaka wa msumeno.
Hivyo ndivyo tunavyohesabu miaka.

"Ndimu bei ya kutupa. Jasho."
Elbia, miaka saba, joho jeupe la shule,
tai ya buluu kubwa kuliko uso, mdomo umepinda.
"Sikuwa nalia," anasema, "ulikuwa upepo."
Nasoma tena. Mama hakuandika upepo.
Nanyamaza. Si kila ushahidi hupelekwa barazani.

"Nyama ya shingo, nusu kilo. Deni."
Meza ndefu, chupa, keki imeegemea upande,
na wote wanacheka wakitazama kitu
kilichobaki nje ya picha.
Hatujui ni arusi ya nani.
Rubén anaanza kucheka nao, peke yake,
hadi anakohoa.

Nje inapita pikipiki,
kijana kashika usukani kwa mkono mmoja,
kwa mwingine godoro kichwani, na upepo
unataka kumnyang'anya.
Angekuwa yeye: "Jumapili. Godoro limepita."
Na nyuma ya maneno hayo, picha ya mti.

Chini kabisa ya bati la biskuti,
imenata kwenye kutu, naibandua kwa kisu:
sakafu ya jikoni. Mguu wa kiti. Kijiko.
Hakuna mtu.
Nyuma: "Nimejaribu kama inafanya kazi. Nibia."

Rubén anaisoma kwa sauti, kisha bila sauti.
Katika picha mia na kitu, jina ni hilo tu.
Hakuna anayesema hii yangu.
Elbia anainama, anachungulia chini ya meza:
vigae ni vilevile, kimoja kina ufa.
Ananyoosha mkono aletewe picha, anailinganisha.
Humo, ufa bado haujafika.

Maji yamepoa. Nakwenda kuteleka mengine.